Namna ya Kumtua Mzigo Prosesa Sifuri

Ingia kwenye seva iliyoelemewa, andika top, kisha bonyeza tarakimu 1. Kila prosesa itajitokeza kwenye mstari wake. Ukimkuta Prosesa Sifuri ametumika asilimia mia, huku wenzake kumi na watano wamekaa bure, usikimbilie kuagiza seva mpya. Weka simu chini, bosi asisumbuliwe bado. Mashine unayo, umeshailipia, na umeme wake unaulipa kila mwezi. Kilichokosekana ni mtu wa kugawa kazi.

Mzigo mzito mpe Mnyamwezi, walisema wahenga, lakini hata Mnyamwezi alibeba mtumba mmoja kwa safari. Prosesa Sifuri anatwishwa kadi ya mtandao, diski, bandari za USB na saa kwa mkupuo mmoja, kosa lake likiwa tu kwamba jina lake ni la kwanza kwenye orodha. Mwongozo huu umeandikwa kumtetea. Unamfaa yeyote anayelinda seva ya Linux, iwe ya benki, ya chuo au ya mtoa huduma mdogo wa intaneti mwenye mnara mmoja. Usome kwa mpangilio. Fundi Nakili, mnamjua, yule anayeokota amri mahali na kuibandika kabla hajaisoma, yeye huanzia mwisho, na ndiyo maana kila akiondoka kwenye chumba cha seva hali huwa mbaya kuliko alipoingia.

Jua unachogawa

Katizo ni ishara ambayo kifaa hupeleka kwa prosesa kikidai kusikilizwa papo hapo. Umebonyeza herufi kwenye kibodi, pakiti imeingia kwenye kadi ya mtandao, diski imemaliza kusoma: kila tukio la namna hiyo huleta katizo. Prosesa huweka alama mahali alipofikia, huhamia kwenye kipande cha programu kilichoandikwa kwa ajili ya kifaa hicho, humaliza, kisha hurudi alipoachia. Pasipo makatizo, programu ingelazimika kuzunguka kila mara ikiuliza kifaa kimoja baada ya kingine kama kina lolote, na majibu mengi yangekuwa hapana.

Edsger Dijkstra aliandika programu ya kushughulikia makatizo ya kompyuta ya Kiholanzi iliyoitwa Electrologica X1, na kazi hiyo ikawa tasnifu yake ya udaktari mwaka 1959. Jambo lililomtia hofu linatuhusu hadi leo. Programu inayoweza kukatizwa popote na wakati wowote huzaa hitilafu ambazo ukizitafuta kesho hazionekani. Basi anayegusa makatizo asifanye hivyo kwa pupa.

Siku hizo hakuna aliyeuliza nani akatizwe, maana prosesa ilikuwa moja. Hata kompyuta ya IBM ya mwaka 1981 ilikuwa na chipu moja ya Intel, 8259A, yenye nyaya nane za makatizo. Mwaka 1984 ikaongezwa chipu ya pili, ikaning'inizwa kwenye waya namba 2 wa ile ya kwanza, zikabaki nyaya 15 za kutumika. Waliounganisha kompyuta miaka ya 1990 wanakumbuka adha yake: kadi ya sauti inataka waya wa 5 au wa 7, bandari ya printa nayo imekalia wa 7, na ukikosea kimojawapo kinanyamaza. Watu walikesha wakihamisha vibanio vidogo vya plastiki kwenye kadi ili vifaa viwili visigombane.

Prosesa zilipokuwa nyingi, Intel ikaweka ndani ya kila moja chombo cha kupokelea makatizo kiitwacho APIC, na kwenye ubao mkuu kikakaa kingine chenye nyaya 24 kwa kawaida. Ndani yake mna jedwali, na mtu alipaswa kulijaza: waya huu uende kwa nani? Hapo kerneli ikapata cheo cha mgawaji.

Kisha nyaya zenyewe zikaondoka, na hapa nakuomba utulie, maana ndipo uzuri wa jambo lote ulipo. Toleo la 2.2 la kanuni za PCI, la mwaka 1998, liliruhusu kifaa kupiga katizo kwa kuandika namba ndogo kwenye anwani ya kumbukumbu. Hakuna waya wa pekee, ni maandishi tu yanayopita njia ileile inayopita data. Kwenye mashine za aina ya x86 anwani hiyo huanza na FEE, na ndani yake mna kitambulisho cha prosesa anayelengwa. Namba inayoandikwa humwambia prosesa huyo ni katizo lipi. Kwa hiyo kumhamisha mhudumu wa katizo ni kufuta anwani moja na kuandika nyingine kwenye jedwali la kifaa, basi. Mtindo uliofuata, MSI-X, unakipa kifaa kimoja hadi anwani 2,048, na kila moja inaweza kumlenga prosesa wake. Kadi moja ya mtandao ikaweza kuwa na foleni 16, kila foleni ikagonga mlango wa prosesa tofauti.

Nafasi hazikosi mwisho, hata hivyo. Kila prosesa ya x86 ina namba 256 za makatizo, ziitwazo vekta. Za kwanza 32 ni za dharura za prosesa yenyewe, kama vile programu kugawa kwa sifuri au kugusa kumbukumbu isiyo yake. Nyingine kerneli hujiwekea kwa shughuli zake. Zinazobaki kwa vifaa ni kama 200 kwa kila prosesa, na kwenye mashine yenye kadi nyingi, zinaisha.

Soma kabla ya kugusa

Andika cat /proc/interrupts. Utaona jedwali: kila mstari ni katizo, kila safu ni prosesa, na ndani yake idadi ya mara prosesa huyo alizokatizwa tangu mashine iwashwe. Mwisho wa mstari pana jina la mwenye katizo. Kwenye kadi nyingi za Intel utakuta majina kama eth0-TxRx-0, eth0-TxRx-1, moja kwa kila foleni.

Fundi Nakili hutazama jedwali hili mara moja, akaona namba kubwa mahali fulani, akashika kichwa. Namba kubwa peke yake haimwambii mtu kitu. Seva iliyowashwa miezi minane itakuwa na mabilioni, na huenda yote yaliingia siku ile moja ya nakala rudufu. Kinachotakiwa ni tofauti: soma sasa, soma baada ya sekunde kumi, toa. Amri ya watch -d itakukolezea rangi namba zinazosogea.

Chini ya jedwali kuna mistari isiyo na namba bali herufi: LOC ni saa ya kila prosesa, RES na CAL ni prosesa kukatizana zenyewe kwa zenyewe, TLB ni kuambiana kwamba ramani ya kumbukumbu imebadilika. Hiyo usiiguse. Saa ya prosesa imo ndani ya prosesa, haihamishwi, na anayejaribu kuihamisha anapoteza jioni yake.

Ukiona mstari wa kadi ya mtandao unasogea polepole ilhali prosesa yake imejaa, usidhani umekosea. Mwaka 1996 Jeffrey Mogul na K. K. Ramakrishnan walieleza balaa la mashine inayopokea makatizo mengi mno: muda wote unaishia kwenye kukatizwa, kazi yenyewe haifanyiki, na pakiti zilizopokelewa kwa jasho zinatupwa. Dawa iliyokuja kuingia Linux, iitwayo NAPI, ilielezwa mwaka 2001 na Jamal Hadi Salim, Robert Olsson na Alexey Kuznetsov. Katizo la kwanza linapopiga, draiva hufunga mdomo wa foleni ile, na kerneli hukusanya pakiti yenyewe, kwa kawaida hadi 64 kwa mkupuo. Foleni ikikauka ndipo makatizo hufunguliwa tena. Maana yake ni kwamba shughuli ikizidi, makatizo hupungua. Prosesa aliyezama kabisa anaweza kuonyesha idadi ndogo kuliko mwenzake anayejipepea. Kwa hiyo lisome jedwali hili pamoja na mpstat -P ALL, utazame asilimia ya kazi zilizoahirishwa, zile softirq nitakazozieleza mbele, na pamoja na /proc/net/softnet_stat, ambamo safu ya pili ya kila mstari ni pakiti zilizotupwa kwa sababu foleni ya prosesa huyo ilijaa. Safu hiyo ikisogea, una kesi ya kweli mkononi.

Wagawaji ni wawili

Kifaa kikiomba katizo, kerneli hukipa ruhusa pana: hudumiwa na prosesa yeyote. Ruhusa hiyo imeandikwa kwenye faili la smp_affinity ndani ya /proc/irq, chini ya namba ya katizo. Lakini ruhusa si zamu. Kwenye x86 ya leo katizo humwendea prosesa mmoja tu kwa wakati, na jina lake limo kwenye faili la jirani, effective_affinity. Ukitaka kujua anayefanya kazi, soma hilo la pili.

Kerneli humchaguaje? Hadi toleo la 4.15, lililotoka Januari 2018, mashine nyingi zilitafuta nafasi kuanzia mwanzo wa orodha, na mwanzo wa orodha ndiye rafiki yetu Sifuri. Katika toleo hilo Thomas Gleixner alilifumua upya eneo lote la vekta za x86, na sasa kerneli humtafuta prosesa mwenye vekta nyingi zilizo wazi. Ni maendeleo makubwa na yanastahili shukrani. Ila tazama kinachohesabiwa: ni nafasi, si jasho. Kwenye mizani hiyo foleni ya kadi ya gigabiti 10 inayopokea mamilioni ya pakiti ina uzito uleule wa kibodi ambayo hakuna aliyeigusa tangu seva iingizwe kabatini. Sifuri anaweza kupewa vekta tano tu akazama, na mwenzake akapewa tano akalala.

Kerneli haijali uzito kwa makusudi. Zamani x86 ya biti 32 ilikuwa na kisawazishi ndani ya kerneli yenyewe, kikaondolewa, kwa hoja kwamba kuamua nani apewe nini ni sera, na sera inakaa vizuri zaidi nje, mahali inapoweza kubadilishwa bila kuwasha mashine upya. Naikubali hoja hiyo. Kazi hiyo leo inafanywa na huduma iitwayo irqbalance, iliyoanzishwa na Arjan van de Ven. Kila sekunde kumi, usipoibadilisha, huamka, husoma nani ametumia muda gani kwenye makatizo, hutazama ni prosesa zipi zinashiriki kashe moja na zipi ziko soketi nyingine, kisha huhamisha kinachofaa kuhamishwa.

Sasa Fundi Nakili anaingia. Amesikia kwamba irqbalance hupunguza kasi, basi anaizima, haweki kitu mahali pake, anaondoka. Ametimua mgawaji na kuacha foleni zote pale zilipoangukia siku ya kuwashwa. Binamu yake ni hatari zaidi: anapanga makatizo kwa mkono, kwa uangalifu, namba moja baada ya nyingine, na irqbalance bado inaendeshwa. Anapima, anafurahi, anakwenda kunywa chai. Chai haijapoa na mpangilio umeshabadilika. Kisha atakuambia kwamba Linux haina adabu. Chagua mmoja: ama irqbalance igawe, ama ugawe wewe. Ukitaka kugawa baadhi tu, ipe irqbalance orodha ya namba zisizoihusu kwa chaguo la --banirq, au prosesa zisizoihusu kwa IRQBALANCE_BANNED_CPULIST, na iachie zilizobaki.

Kwa seva nyingi za ofisini, jibu sahihi ni kuiacha irqbalance ifanye kazi na wewe kwenda kulala. Nasema hivi kwa dhati. Kugawa kwa mkono kunafaa pale ulipopima, ukaona mahali panapovuja, na unajua mzigo wako vizuri kuliko huduma inayoamka kila sekunde kumi bila kujua kesho kuna matokeo ya mtihani wa taifa.

Usawa unaoumiza

Anayemhurumia Prosesa Sifuri hupata wazo ambalo linasikika kama haki: kila pakiti ihudumiwe na prosesa tofauti, kwa zamu, wote sawasawa. Ni wazo baya, na hili ndilo nililokaa kuandika mwongozo mzima kwa ajili yake.

Katizo lenyewe ni kazi fupi mno kwa prosesa: kupokea ishara, kufunga mdomo wa foleni, kuandika kwamba kuna kazi inasubiri. Kazi nzito huja baadaye kidogo, inaitwa softirq, na hufanyika kwa prosesa yuleyule aliyepokea katizo. Yeye ndiye atakayefungua pakiti, asome vichwa vyake, aitafute ni ya mazungumzo yapi, aipandishe hadi kwenye programu inayoisubiri. Ukichagua nani apokee katizo, umechagua nani afanye yote hayo.

Kadi ya gigabiti 10 ikipokea pakiti ndogo kabisa kwa kasi yake kamili, zinafika 14,880,000 kwa sekunde. Kila pakiti ina nanosekunde 67 tu kabla nyingine haijafika. Kuchukua kitu kwenye kumbukumbu kuu, kisichokuwa kwenye kashe ya prosesa, kunaweza kula nanosekunde mia. Fanya hesabu. Prosesa anayelazimika kwenda kumbukumbu kuu hata mara moja kwa kila pakiti ameshachelewa kabla hajaanza. Tumaini lake pekee ni kwamba habari za mazungumzo haya ziko tayari kwenye kashe yake, kwa sababu pakiti iliyopita aliishughulikia yeye. Ukizungusha zamu, kila prosesa anakuta habari ziko kwa mwenzake, anazivuta, anaandika, na anayefuata anazivuta tena. Wote watakuwa na shughuli sawa, top itapendeza macho, na seva itapitisha pakiti chache kuliko mwanzo. Zaidi ya hapo, pakiti mbili za mazungumzo mamoja zikienda kwa prosesa wawili, ya nyuma inaweza kutangulia, na TCP ikiona mpangilio umevurugika hudhani kuna zilizopotea, ikapunguza mwendo.

Basi kugawa vizuri ni kuhakikisha mazungumzo mamoja yanabaki kwa prosesa mmoja, karibu na programu inayoyatumia, karibu na kadi iliyoyapokea, halafu ndipo mazungumzo mengi yatawanywe kwa wengi. Kadi za kisasa zinafanya hatua ya kwanza zenyewe. Huchukua anwani ya mtumaji, ya mpokeaji na namba za bandari zao, huzipitisha kwenye hesabu inayotoa jibu moja kila mara kwa viungo vilevile, na jibu hilo huchagua foleni. Mbinu hiyo inaitwa RSS. Wewe umebakiwa na kuchagua prosesa wa kila foleni.

Sasa shika kalamu

Iulize kadi ina foleni ngapi kwa ethtool -l eth0. Kama inaweza kuwa na 16 lakini imewekewa 1, umeshampata mwizi, na dawa ni ethtool -L eth0 combined 8, au idadi nyingine isiyozidi prosesa ulizo nazo. Kadi nyingine za bei nafuu zina foleni moja tu, na hapo utahitaji njia nitakayoieleza baadaye kidogo.

Kwenye seva yenye soketi mbili, aina ambayo wengi wetu tunanunua ikiwa imeshatumika kwingine, soma /sys/class/net/eth0/device/numa_node. Ikijibu 0 au 1, hiyo ndiyo soketi ambayo kadi imechomekwa upande wake. Prosesa wa upande ule wana njia fupi, na wa upande wa pili watavuka daraja kwa kila wanachokigusa. Ikijibu -1, mashine haikutoa habari hiyo, au ina upande mmoja tu. Prosesa wa kila upande utawaona kwa lscpu.

Sasa maski. Faili la smp_affinity hupokea namba ya heksadesimali ambayo kila biti yake ni prosesa mmoja. Sifuri ni 1, wa kwanza ni 2, wa pili ni 4, wa tatu ni 8, na wote wanne kwa pamoja ni f. Fundi Nakili anataka katizo liende kwa prosesa wa 10, anaandika 10, anapangusa mikono. Katika heksadesimali 10 ni biti ya nne, kwa hiyo amempa prosesa wa 4, na prosesa wa 10 hajui kama alitajwa. Kosa hili lina umri mrefu na halionyeshi dalili ya kustaafu. Liepuke kabisa kwa kutumia faili la jirani, smp_affinity_list, linalopokea namba za kawaida: andika 10 ikiwa unamtaka wa 10, andika 4-7 ikiwa unawataka hao wanne. Kisha soma effective_affinity uone kama umesikilizwa. Mara nyingine hubadilika pale tu katizo lifuatalo linapofika, kwa hiyo vuta subira sekunde moja kabla ya kulalamika.

Kuna makatizo ambayo hayatakusikiliza kamwe. Diski za NVMe huomba makatizo yao kwa utaratibu ambao kerneli hujipangia prosesa yenyewe, foleni kwa foleni, na kuufunga mlango. Ukijaribu kuandika kwenye smp_affinity yake, matoleo mengi ya kerneli hujibu kwa kosa la kusoma na kuandika, lilelile ambalo diski mbovu hulitoa. Watu wameingiwa na kiwewe hapo, wakaanza kuhamisha data usiku kucha kutoka kwenye diski nzima kabisa. Diski haina ugonjwa. Kerneli inasema tu kwamba hapo pameshapangwa, na kwa kweli pamepangwa vizuri.

Mtoa huduma mdogo na PPPoE

Hapa kuna kesi inayowauma wengi Afrika Mashariki, na inastahili nafasi yake. Mtoa huduma anayewaunganisha wateja mtaani kwa PPPoE ana seva moja inayobeba mamia ya nyumba. Amefuata kila kitu hapo juu: foleni nane, prosesa nane, upande sahihi wa soketi. Saa mbili usiku watu wanarudi kwenye video zao, na Prosesa Sifuri anazama palepale.

Kadi nyingi haziwezi kuchungulia ndani ya bahasha ya PPPoE. Zinatafuta anwani za IP mahali pa kawaida, hazizioni, na zikikosa cha kuhesabu zinatupa kila kitu kwenye foleni ya kwanza. Hata ukigawa makatizo kwa ustadi gani, foleni saba hazina kitu cha kugawa. VPN ina shida inayofanana: wateja mia ndani ya handaki moja wanaonekana kama mazungumzo mamoja.

Kwa PPPoE, na kwa zile kadi zenye foleni moja tu, tiba imo ndani ya kerneli. Inaitwa RPS, iliandikwa na Tom Herbert wa Google, na imo tangu toleo la 2.6.35 la mwaka 2010. Prosesa aliyepokea katizo hufanya kazi ndogo tu: husoma vichwa vya pakiti, na kerneli, tofauti na kadi nyingi, inajua kufungua bahasha ya PPPoE na kuona IP iliyomo. Hupiga hesabu ileile ya mazungumzo, kisha humkabidhi pakiti prosesa mwingine amalizie. Unaiwasha kwa kuandika maski kwenye /sys/class/net/eth0/queues/rx-0/rps_cpus, na safari hii ni heksadesimali bila huruma, kwa hiyo hesabu mara mbili. Mtoe Sifuri kwenye maski hiyo ikiwa ndiye anayepokea makatizo yote. Kazi ya kupokea na kugawa inamtosha. Wanaotumia ruta za MikroTik wana kitu kilekile kwenye menyu ya system resource irq.

Usiiwashe RPS mahali ambapo RSS inafanya kazi vizuri. Utakuwa unamkatiza prosesa wa pili kwa kazi ambayo wa kwanza angeimaliza.

Ujumbe wa kutia huruma

Siku moja utakuta kwenye dmesg ujumbe unaosema kwamba katizo namba fulani limepiga na hakuna aliyejali. Ni maneno ya kerneli yenyewe, nami nayapenda kwa ukweli wake. Katizo lilifika, kerneli ikawauliza madraiva wote wa waya ule kama ni la kifaa chao, wote wakakana. Kerneli inavumilia sana. Huhesabu makatizo 100,000, na ikiwa zaidi ya 99,900 kati yake yamekanwa, huufunga waya. Kama waya huo ulikuwa wa vifaa viwili, kile kisicho na hatia nacho kinaanza kutambaa. Kuhamisha katizo kwa prosesa mwingine hakutasaidia chochote, madraiva watakana vilevile. Kagua firmware ya ubao, kagua draiva, na kama kifaa kinaruhusu, kitoe kwenye waya wa zamani kiende MSI, ambako hakuna kuchangia.

Ukiridhika na mpangilio, uandike. Kila kilichowekwa kwenye /proc hufutika mashine ikizimwa, kwa hiyo tengeneza skripti na uifanye huduma ya systemd inayoanza baada ya mtandao kuinuka. Ndani ya skripti usiandike namba ya katizo hata moja. Namba 128 ya leo, baada ya kuongezwa kadi au kerneli mpya, inaweza kuwa 131, na skripti yako itampangia prosesa bandari ya USB kwa uangalifu mkubwa huku foleni ya mtandao ikirudi kwa Sifuri. Tafuta kwa jina: skripti isome /proc/interrupts, ishike mistari yenye eth0-TxRx, ichukue namba iliyopo mwanzoni mwa kila mstari, ndipo iandike. Na kwa kuwa ethtool -L huwafanya madraiva wengi kuachia makatizo yote na kuomba mapya, iendeshe skripti hiyo upya kila unapobadilisha idadi ya foleni, kisha usome effective_affinity ya kila moja kabla hujatoka kwenye seva.